Mashine ya Kusomea na Kikombe cha Kahawa

Mwalimu mstaafu Zenebech alikuwa akiwadanganya majirani zake tangu Februari, na tuseme kweli, alidanganya kwa ufundi. Kila Jumapili walikusanyika kwake, hapo Addis Ababa, wakanywa kahawa raundi zote tatu za desturi huku yeye akiwasomea riwaya. Macho yalipomtupa mkono, hakumwambia mtu. Alifungua kitabu, akageuza kurasa, na hadithi akaitunga kichwani mwake. Aibu ilimla ndani kwa ndani.

Kisha Yeshimebet, jirani asiyejua kufunga mdomo, akatangaza kwamba mwalimu siku hizi anasoma kwa kusitasita. Heri wahamie kwake wakatazame tamthilia kwenye televisheni. Hilo lilimchoma Zenebech. Jumapili bila wale wanawake ingekuwa nini?

Mpwa wake Mahlet akampeleka soko la Merkato, kwenye duka la Girum, penye mashine za kusomea vitabu ambazo herufi zake unazikuza upendavyo. Mahlet alikwisha kuchagua: moja pana, inayong'aa, birr elfu ishirini na mbili. Zenebech akauliza kama bei hiyo ni pamoja na duka. Ya elfu tano ilikuwa rahisi kweli, ila kila herufi ya Kiamhari iligeuka kisanduku kitupu. Ya tatu ilikuwa ndogo, imetumika, pembe imemeguka, na ubavuni ina vitufe viwili. Elfu nane.

"Niletee kahawa," Zenebech akamwambia Girum.

Girum akadhani mteja amechoka, akaagiza. Kumbe mama anapima. Yeye husoma kikombe kikiwa mkono wa kulia, na hajawahi kukiweka chini kabla hakijaisha. Akaibeba ile pana kwa mkono wa kushoto. Ikamlemea, na kidole gumba kilipogusa kioo, ikaruka hadi sura ya kumi na tisa. Mahlet akaanza kumweleza namna ya kugusa polepole.

"Mwanangu, mimi nataka kusoma, sitaki kubembeleza kioo."

Akaishika ile yenye pembe mbovu. Gumba likabonyeza, ukurasa ukageuka, kahawa haikumwagika hata tone. Wakavutana bei mpaka elfu saba na mia mbili.

Jumapili iliyofuata Mahlet alikwisha kuitia ndani riwaya ileile aliyokuwa akijifanya kuisoma. Herufi zilikuwa kubwa kama punje za maharage, na Zenebech alisoma bila kusita, moyo ukifurahi. Kufika raundi ya pili, Yeshimebet akainua mkono.

"Ngoja, Mwalimu. Huyu mjane si ulimzamisha mtoni wiki ya Pasaka? Mbona leo anakaanga vitunguu?"

Zenebech akatazama mashine, akawatazama wenzake, akaona hana pa kukimbilia. Akasema yote: kwamba haoni herufi za kitabu tangu Februari, kwamba mjane, mto, yule dereva wa lori mwenye jino la dhahabu, vyote vilitoka kichwani mwake. Akawaomba radhi. Akamwambia Yeshimebet kwamba kama wanataka televisheni, hatawalaumu.

Yeshimebet akatafuna bisi zake taratibu, amekunja uso.

"Izime hiyo mashine kidogo," akasema. "Huyo dereva alimwoa dada wa yule mjane marehemu, au hakumwoa?"