Asubuhi ya Tano Bila Kuwaka

Pikipiki ya theluji ya Issát iligoma kuwaka asubuhi nne mfululizo, na kila asubuhi iligoma kwa namna ileile. Ravdna, binti yake, alivuta kamba ya kuwashia mara thelathini, mara arobaini. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Baadaye sana, mkono wake ukiwa umekufa ganzi hadi begani, iliwaka ghafla kama kwamba haikuwa na ugomvi na mtu. Ikishapata moto haikusumbua tena kutwa nzima. Tatizo lilikuwa baridi ya asubuhi tu.

Issát mwenyewe alikuwa kijijini, amelala na nyonga iliyovunjika. Zamu yake ya kulinda reinda, wale kulungu wafugwao wa nchi za theluji, huku uwandani alimwachia Ravdna, na hakumwachia kwa moyo mweupe sana.

"Wakichanganyika na wa jirani Heaika hata mara moja," alimwambia siku anaondoka, "zamu anachukua Jovnna, na wewe unarudi pwani kwenye samaki."

Jovnna ni mume wa dada wa Ravdna. Samaki ni kiwanda ambamo Ravdna alikuwa amesimama miaka mitatu akipasua matumbo ya chewa, amevaa aproni ya plastiki. Alifunga mizigo yake akaondoka. Alifahamu vizuri maana ya makundi mawili kuchanganyika: siku tatu zizini, watu wa pande zote wakiwatenganisha kwa kamba, majike wenye mimba wakikimbizwa huku na huku, na wengine wakiharibu mimba.

Kibandani alikaa na shangazi yake Gáren, dada mkubwa wa Issát, mwenye miaka sabini na mitatu. Hakuna aliyemwomba aje. Alikuja na kikaango chake na ngozi yake kuukuu ya reinda, akasema amekuja kupika. Kila jioni, Ravdna alipozima pikipiki, shangazi alitoka na ngozi ile akaifunika injini, manyoya yakiwa upande wa ndani, akaipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto.

Jioni ya nne Jovnna alipiga simu.

"Shemeji! Bado unaibembeleza?"

"Mchana inakwenda vizuri."

"Mchana hata bibi yangu anakwenda vizuri. Choki unavuta mno, shemeji. Unaizamisha kwa mafuta. Mashine inamjua mtu."

"Navuta kama baba alivyonifundisha."

"Haya. Kesho nakuja. Nimeshafunga mizigo."

"Ya siku ngapi?"

"Ya mpaka ndama wazaliwe," Jovnna alisema, akacheka, akakata simu.

Asubuhi ya tano kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Kulikuwa kunaanza kupambazuka simu ilipolia. Alikuwa mzee Heaika, jirani wa ng'ambo ya mto.

"Binti wa Issát, umeamka?"

"Nimeamka, mzee."

"Reinda wenu wamekutangulia. Nawaona kwa darubini, wanateremka kuja mtoni. Upepo umegeuka, wamepata harufu ya malisho ya huku."

"Wangapi?"

"Kundi zima, mama. Sijaona aliyebaki nyumbani kufagia."

Ravdna alikuwa tayari anavaa viatu kwa mkono mmoja. "Unaweza kunizuilia?"

"Nitawasukuma wa kwangu nyuma kadiri nitakavyoweza. Ila mguu mmoja ni wangu na mwingine ni wa kuazima, na mbwa wangu ni mzee kunizidi. Nakupa saa moja. Ikipita hapo tutakutana zizini."

Alitoka nje. Aliondoa ngozi, akavuta choki, akashika kamba. Alivuta mara ishirini. Ikakohoa na kutema moshi mweusi. Alifungua plagi zote mbili; zilikuwa zimelowa mafuta, nyeusi tii. Kwa hiyo petroli ilikuwa inafika. Aliigusisha plagi moja kwenye chuma cha injini, akavuta kamba kwa mkono wa pili. Cheche ya buluu ikaruka. Kwa hiyo na moto ulikuwepo. Aliingia nazo ndani, akaziweka kwenye kikaango juu ya jiko la kuni zikauke.

Shangazi Gáren aligeuka kutoka kwenye ndoo ya maji. "Unakaanga nini humo?"

"Plagi, shangazi."

"Kwenye kikaango changu cha chapati za damu ya reinda?"

"Hakuna kingine."

"Basi mchana utakula chapati za damu zenye harufu ya gereji, na utazimaliza." Alisogea akaziangalia plagi, akaangalia uso wa mtoto wa ndugu yake. "Kuna nini?"

"Wanateremka mtoni. Wote."

Shangazi alinyoosha kidole kwenye mbao za kutelezea kwenye theluji zilizoegemezwa ukutani. "Chukua hizo. Miguu haihitaji plagi."

"Ni kilomita nane, na theluji ni laini. Nitakuta nyayo tu."

"Na ukikaa hapa utakuta nini?"

Lilikuwa swali zuri. Kila dakika aliyokaa na mashine ilikuwa inazifanya zile mbao zisiwe na maana. Ravdna alilitazama birika la kahawa ambalo shangazi alikuwa ndiyo kwanza ameliweka jikoni.

"Likichemka kabla haijawaka, naenda kwa mbao," alisema.

Alisimama mbele ya jiko akizigeuza plagi kwa uma. Hakuwa na la kufanya ila kufikiri, na alichokifikiria kilikuwa asubuhi ya tatu. Siku ile, kwa uchovu, alisahau kuvuta choki. Mashine ilinguruma kama sekunde tano kabla ya kuzimika, na yeye akaona ni bahati tu, akavuta choki, ikafa kabisa. Sasa alijiuliza. Kazi ya choki ni kuibania injini hewa ili petroli izidi. Ndivyo injini baridi inavyopenda. Hii ilikuwa baridi kama jiwe na bado ilikwenda afadhali pasipo choki. Ina maana kuna kitu kingine kilichokuwa kimeshaibania hewa, na yeye kila asubuhi alikuwa anaiongezea mkono shingoni.

Alizitia plagi za moto ndani ya glavu, akatoka. Hakuzirudisha mahali pake. Alifungua vibanio viwili vya boksi la hewa, na ngozi ya kidole gumba ikaganda kwenye chuma, ikabaki hapo.

Kwenye wavu wa mdomo wa njia ya hewa palikuwa na bamba la kijivu, nene kama kiganja. Alidhani ni theluji. Alipolibana halikuvunjika, lilipinda. Yalikuwa manyoya ya reinda, mafupi na makavu, yamesokotana na kushikamana kwa barafu. Ngozi ya shangazi ilikuwa inanyonyoka. Kila jioni iliacha manyoya, na kila asubuhi mashine iliyavuta ndani. Joto la injini chini ya ngozi liliyeyusha theluji, manyoya yakalowa, na kufikia alfajiri yakawa kizibo cha barafu. Kila siku alipong'ang'ana kuvuta, injini ilipata joto kidogo kidogo, barafu ikalegea, pumzi ikapenya.

Ravdna alitazama dirishani. Shangazi alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Alilitupa lile bamba chini, akalisukumia theluji kwa kiatu. Hakujua kama ameonekana.

Mlango ulifunguka. "Kahawa inapanda!"

"Ishushe!"

"Ulisema ikichemka—"

"Ishushe tu, shangazi!"

Alifunga plagi, akavuta choki nusu, akavuta kamba. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili injini ilishtuka. Mara ya tatu iliwaka, moshi ukatoka wa buluu, si mweusi, na mbwa wake Runne akarukia nyuma ya kiti bila kuitwa.

Alipofika kwenye ukingo, wachache walikuwa wameshavuka, na wa mbele wa waliobaki walikuwa katikati ya mto ulioganda, na ng'ambo mzee Heaika alikuwa akipunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nzi. Ravdna hakuwaendea moja kwa moja, angewasukuma wavuke. Alishuka mbali, akapita chini ya ukingo polepole, injini ikinguruma kwa sauti ndogo, akatokea mbele yao. Runne alikwenda upande wa pili. Wale wa mbele waliinua vichwa, wakasimama, wakafikiri kwa muda mrefu kama wanavyofikiri reinda, kisha wakageuka, na wa nyuma wakawafuata. Kuwapandisha mteremko wote kulichukua hadi karibu adhuhuri.

Kisha Ravdna alivuka kwa mzee Heaika, wakawahesabu kwa darubini reinda waliokwisha kuvuka, kila mtu kivyake, kwa alama za mwenye mali zilizokatwa masikioni. Wote wawili walipata thelathini na mmoja.

"Thelathini na mmoja si mchanganyiko," Heaika alisema. "Hao ni wageni."

"Baba ataita mchanganyiko."

"Basi usimwambie. Nitawakamata mmoja mmoja, nikuletee kimya kimya. Mwezi utaisha hajui." Alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unataka kurudi kwenye samaki, wewe?"

"Sitaki."

"Sasa?"

Ravdna alikung'uta barafu kwenye nyusi. "Nashukuru, mzee. Lakini nitamwambia."

"Issát alikuwa hivyohivyo ujanani," Heaika alisema, na haikueleweka kama ilikuwa sifa.

Kibandani Jovnna alikuwa ameshafika. Pikipiki yake ilikuwa nje na mizigo mitatu nyuma, pamoja na godoro. Yeye alikuwa mezani, anakula.

"Shemeji! Naambiwa iliwaka. Uliipigia magoti?" Alitafuna, akasita. "Hizi chapati zina harufu gani?"

"Kula," shangazi Gáren alisema.

Ravdna alimpigia baba yake kabla hajavua kofia, na akaiweka simu mezani kila mtu asikie, maana Jovnna angeuliza tu.

"Wamechanganyika?" Issát aliuliza. Hakusalimu.

"Thelathini na mmoja wamevuka, baba. Waliobaki nimewarudisha."

Jovnna alikiweka kikombe chini taratibu, kama mwenye nyumba.

"Na mashine ilikuwa na nini?"

"Ilikosa hewa. Njia ilizibwa na manyoya, yakaganda."

"Manyoya ya nini?"

"Ya reinda."

"Reinda aliingiaje ndani ya injini?"

Jovnna aliangua kicheko. Ravdna alitazama sakafu.

"Hapo pana jambo linafichwa, baba mkwe," Jovnna alisema kwa sauti.

Shangazi Gáren alifuta mikono, akaivuta simu karibu na mdomo kama kwamba ndugu yake ni kiziwi. "Issát, ni mimi. Ni ngozi yangu. Nilikuwa naifunika kila jioni isipigwe na baridi."

"Dada! Umefunika injini kwa ngozi inayonyonyoka?"

"Nilikufunika wewe kwa ngozi hiyohiyo ulipokuwa mtoto. Hukuzibika."

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ambayo labda ilikuwa kicheko, kisha mguno wa maumivu ya nyonga.

"Ravdna. Ulijuaje kwamba ni hewa?"

Alimweleza habari ya choki aliyoisahau, na plagi zilizolowa, na cheche ya buluu. Alieleza kwa maneno machache; akizungumza na baba yake maneno huwa hayamjii mengi.

"Na huyo Jovnna alikwambia ni nini?"

"Kwamba naizamisha."

"Ilikuwa inazama kweli!" Jovnna alisema.

"Ilikuwa inazama," Issát alikubali. "Jovnna, nasikia uko hapo na tenki limejaa. Kesho nenda kwa Heaika, ukawakamate hao thelathini na mmoja uwarudishe. Kisha rudi nyumbani."

"Na zamu, baba mkwe?"

"Zamu ina mtu."

Jovnna alifungua mdomo, akaona heri autie chapati.

"Na wewe, Ravdna, wakivuka tena ni samaki. Sitasikiliza habari za manyoya."

"Sawa, baba."

Simu ilikatika. Jovnna alimaliza kilichokuwa kwenye sahani, akatoka nje, akafungua mzigo mmoja tu kati ya ile mitatu, akarudi na godoro kwapani.

"Nilale wapi, shemeji?" aliuliza.

Ravdna alimwonyesha nafasi karibu na mlango.