Lisbon Mlangoni

Tangu asubuhi Bi Ummukulthum alikuwa akitembea Lisbon bila kuondoka kwenye kiti chake cha ukumbini, Mji wa Kale. Mwanawe Abdulghafur, aliyehamia Uingereza zamani, alikuwa amempeleka mkewe na binti yao Zoya likizo huko Ureno. Kwa kuwa mamake hakukubali kamwe kupanda ndege, aliamua kumtembeza kwa simu. Fadhiya, mjukuu aliyeishi naye, aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya kijimeza, na wote wawili wakatazama. Waliona uwanja wenye mfalme wa shaba juu ya farasi. Waliona magari ya reli ya manjano yakipanda vilima kwa kukwaruza. Walimwona Zoya akila keki ya mayai mpaka puani.

"Bibi, ona hii!" Zoya aligeuza simu.

Kando ya mto ulisimama mnara mweupe wa mawe, umbo lake kama omo, pua ya merikebu, na wanaume wa mawe wamejipanga juu yake wakitazama majini.

"Kina nani hawa?"

"Mabaharia wao mashuhuri, Mama," alijibu Abdulghafur. "Wale waliofika mpaka kwetu."

"Waliofika kwetu walituchomea mji, wakatukatia watu. Kumbe waliporudi kwao walichongewa sanamu?" Bi Ummukulthum akacheka. "Haya, mpige picha mtoto. Lakini asiwaamkie."

Fadhiya alikuwa bado akicheka aliposikia ukelele nje. Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya kakake, Saif, aliyekuwa ametumwa mkate.

Alipofika mlangoni, Saif alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye baraza, mikate ya mofa imetawanyika miguuni pake na kuloa damu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepasuliwa kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Ndani ya nyama Fadhiya aliona kitu cheupe, akaelewa kuwa ni mfupa. Vijana wawili walikuwa wakikimbia na simu ya Saif kuelekea ufukoni. Wa tatu, mwenye panga, aliteleza kwenye mtaro, na kabla hajainuka Gaffar alikuwa amemfikia.

Gaffar aliuza misumari na kufuli katika duka lililotazamana na nyumba yao. Alizaliwa mtaa ule, kama babake na babu yake. Nondo aliyoishika aliishusha mgongoni mwa yule kijana kwa mikono miwili, na mlio wake ulikuwa kama wa gunia la mchele likitupwa sakafuni.

"Leo ndiyo leo! Mumezoea kutukata kama samaki!"

Mamake Fadhiya alitoka jikoni mbio, akamfunga Saif kwa leso yake, majirani wakamnyanyua, tuktuk ikaondoka nao kwenda hospitali. Mlango ukabaki wazi. Fadhiya alibaki kwenye daka, kile kijukwaa cha mawe mbele ya mlango, akitazama. Watu walikuwa wameongezeka, wengine kutoka mitaa ya mbali. Mmoja alimpiga kijana teke la uso, jino likaruka. Mwingine alimkanyaga vidole. Jiwe lilimpata juu ya jicho, nalo jicho likafunikwa na damu lisionekane tena. Fadhiya alikuwa amekunja ngumi. Kila pigo liliposhuka, kitu ndani yake kilisema: tena.

"Lete tairi!" sauti moja ilipaza. "Na petroli!"

Watu waligeuka kumtazama aliyesema, na kwa wakati huo mfupi kijana akajivuta, akainuka, akakimbia kuingia mlango wa kwanza aliouona wazi. Alimpita Fadhiya kwenye daka akimwacha na alama ya damu begani, akaanguka ukumbini, miguuni pa Bi Ummukulthum. Kijimeza kilipinduka. Simu ilianguka kifudifudi.

"Alo? Mama! Kumetokea nini huko?" Abdulghafur aliita kutoka chini mkekani.

Bi Ummukulthum hakuijali simu. Alimwinamia kijana. "Waitwa nani?"

"Mzamil."

"Wa wapi?"

"Majengo. Mamangu auza viazi karai pale... Bibi, nifiche, wataniua."

"Ni wewe uliyemkata mjukuu wangu?"

Kijana hakujua kabisa ameingia nyumba ya nani. Jicho lake moja lililobaki lilihama kutoka kwa mzee hadi kwa Fadhiya, likaona leso walizovaa, zinazofanana na ile aliyofungwa Saif, likaelewa.

"Ndiyo," alisema.

Bi Ummukulthum akamzaba kofi. Akamzaba la pili, la nguvu kuliko la kwanza, damu ikaruka ukutani. Kisha akajifunga leso kiunoni, akaenda kusimama katikati ya mlango.

Gaffar alikuwa kwenye daka na umati nyuma yake. Nondo yake ilikuwa inadondoka damu.

"Hodi, Bi mkubwa."

Bi Ummukulthum alikaza fundo la leso.

"Hodi!"

"Nimekusikia mara ya kwanza. Sijakuitika."

Watu wa nyuma walianza kusukuma, lakini wa mbele, wa mtaa, walijikaza. Nyumba yenye wanawake peke yao haiingiwi na mwanamume mpaka hodi iitikiwe. Hilo Gaffar alilijua kabla hajajua kuhesabu. Jasho lilimtoka.

"Bi mkubwa, wamlinda mwizi? Aliyemkata Saif?"

"Nimeshamzaba. Atakwenda polisi akiwa na roho yake."

"Polisi! Kesho kutwa yuko nje na panga jipya!"

"Yeye ni nani wa kutuzuia?" mtu alifoka kutoka nyuma. "Ajuza mmoja?"

"Funga domo lako," Gaffar alimjibu bila kugeuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nyumba hii ni ya Abdulghafur. Akiniambia yeye niingie, nitaingia. Mpigieni."

Haikuhitajika kumpigia. Fadhiya aliiokota simu. Kwenye kioo chenye ufa ami yake alionekana mbele ya ule mnara mweupe, Zoya amemshika mkono.

"Ami," Fadhiya alisema, "huyu hapa amemkata Saif. Mkono wa kulia. Mfupa nimeuona mimi mwenyewe. Gaffar yuko mlangoni, ataka ruhusa yako."

Alijua anachokifanya. Alitaka ruhusa itoke.

Uso wa Abdulghafur ulibadilika. Saif alikuwa kama mwanawe. Ni yeye Abdulghafur aliyemlipia chuo. "Gaffar!" aliita. "Wanisikia? Ingia. Hiyo nyumba yangu. Ingia umtoe huyo mbwa!"

Umati ulipiga kelele za furaha. Mzamil aliyasikia yale maneno, akaanza kujisogeza kwa viwiko kuelekea ukutani, ingawa huko hakukuwa na mlango. Mkojo ulitapakaa chini yake.

Bi Ummukulthum alinyoosha mkono, Fadhiya akampa simu.

"Sawa," mzee alisema. "Nyumba ni yako, umetoa ruhusa, sina neno. Ila usikate simu."

"Mama..."

"Tangu asubuhi nautazama mji wako. Nimetazama farasi, nimetazama keki. Sasa nawe utazame wetu." Akageuza simu, akamwendea Mzamil, akaisogeza karibu na uso wake mpaka damu ikajaa kioo. "Huyu ndiye. Hili ni jicho. Hapa palikuwa na meno. Yaliyobaki ni haya machache. Zoya, mwanangu, nawe tazama. Babako amewaambia waje kummaliza."

"Mama, si mbele ya mtoto!"

"Kwa hivyo mbele ya nani? Mbele ya Fadhiya? Yeye ndiye atakayeisugua hii sakafu. Wewe utaendelea na matembezi."

Kutoka Lisbon zilisikika sauti za watalii wakicheka na ndege wa mtoni. Zoya hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti nyembamba, "Baba, ni wewe uliyesema?"

Abdulghafur alifumba macho. Bi Ummukulthum alirudi na simu katikati ya mlango. Gaffar alisubiri, mguu mmoja ukiwa karibu na kizingiti.

"Gaffar."

"Naam."

"Shuka dakani kwangu."

"Si ushaniruhusu!"

"Nimeirudisha ruhusa. Shuka, ndugu yangu. Tafadhali."

Gaffar alitazama nondo yake kama iliyowekwa mkononi mwake na mtu mwingine. Alishuka hatua moja. Hapo ndipo kijana mmoja mpana, asiye wa mtaa, alipompita kwa bega, jiwe mkononi, na kumsukuma Bi Ummukulthum kifuani. Mzee aligonga kisogo kwenye fremu ya mlango. Mguu wa yule mtu ulivuka kizingiti.

Nondo ilishuka kwa mara ya mwisho siku ile. Ilimpata yule mtu kwenye muundi wa mguu, mfupa ukalia, akaanguka akipiga mayowe.

"Hodi haijaitikiwa!" Gaffar alinguruma, akawageukia wote, mgongo kwake Bi Ummukulthum na uso kwa umati. "Mwingine? Nani mwingine?"

Hakuna aliyesogea. Fadhiya alimshika bibi yake kabla hajaanguka. Damu ilikuwa ikimchuruzika kwenye mvi. Fadhiya alimkalisha chini, kisha akauweka mgongo wake mwenyewe kwenye ubao wa mlango, mahali bibi alipokuwa amesimama, mguu mmoja huku na mwingine kule, akazitazama zile nyuso za watu wengi. Hakuwa amemsamehe Mzamil. Alisimama hivyo hivyo mpaka polisi walipofika.

Walimtoa Mzamil wakimburura, mkono wake mmoja ukining'inia. Alikuwa hai.

Jua lilipokuwa linashuka Saif alirudi, mkono umeshonwa na kufungwa mpaka begani. Alimkuta Fadhiya akisugua sakafu na bibi yake amefungwa kitambaa kichwani.

"Mlimwacha hai?" aliuliza.

"Ndiyo," Fadhiya alisema.

"Humu ndani? Kwenye mkeka wetu?"

Fadhiya aliendelea kusugua. Saif alikaa kwenye kona ya mbali, akawapa ubavu. Wali ulipopakuliwa alijaribu kuula kwa mkono wa kushoto, ukamwagika mapajani. Machozi yakamtoka kwa hasira.

Bi Ummukulthum alijikokota mpaka alipo. Alinawa, akafinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalinyanyua mbele ya mdomo wake. Saif akafunga mdomo. Mchuzi ulimchirizika mzee hadi kwenye kifundo, lakini hakuushusha mkono.

Simu ilianza kulia mkekani. Ilikuwa ni Lisbon. Hakuna aliyeichukua.

"Nachoka, mwanangu," alisema Bi Ummukulthum.

Saif alimtazama, akakitazama kile kitambaa cha kichwani, damu ikiwa bado inapenya.

Akafungua mdomo.