Sonnel Atajwa Kwao

Jiwe la kaburi lilishushwa kwenye gati la Hillsborough, katika kisiwa cha Carriacou huko Karibi, asubuhi ya Ijumaa, likapandishwa kilimani Mount Pleasant nyuma ya gari la mchanga. Wanaume wakaliingiza katika nyumba ya akina Cudjoe wakihema, wakalilaza kitandani juu ya shuka jeupe, kama mgeni aliyechoshwa na safari. Bi Ionie Cudjoe ndiye aliyelifunua. Akasoma maandishi. Akayasoma tena. Kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Bert ndiye nani?"

"Baba, shangazi."

"Baba yako yupi?"

Renwick akalisoma jiwe tena. Alikuwa amezaliwa Brooklyn, Marekani, mtu mzima sasa, mrefu, mpole kupita kiasi. Mwili wa baba yake uliporudishwa Carriacou kuzikwa, miaka kadhaa nyuma, yeye alikuwa amelazwa hospitali. Safari hii alikuwa amekuja kumjengea kaburi. Tangu afike alikuwa akiuliza maswali mpaka watu wakaanza kumkwepa dukani. Kwa nini ngoma tatu? Kwa nini jiwe lilale ndani ya nyumba? Kwa nini sahani moja ya karamu inaachiwa wazee waliokufa, hailiwi na walio hai?

"Kule kila mtu alimwita Bert," akasema hatimaye.

"Hapa hakuna Bert! Hapa amezaliwa Osbert, amekua akiitwa Sonnel. Wazee waliotangulia wakisikia Bert anabisha hodi, unadhani watamfungulia? Watasema ni muuza bima."

Fitzmore, mpiga ngoma, aliyekuwa mlangoni akijifanya anakagua bati jipya lililowekwa baada ya kimbunga, akaangua kicheko.

"Unacheka nini, wewe?" Ionie akamkemea.

"Binamu, hata mimi simjui Osbert. Namjua Sonnel aliyeniibia punda akaenda naye kwa wasichana." Akaingia, akaligusa jiwe kwa kiganja. "Usimwonee mtoto. Jiwe halina mdomo, husemewa. Kesho likiloweshwa maji, mwanawe atamtaja."

"Mbele ya watu?" Renwick akashtuka.

"Ulitaka umtaje chooni?"

Basi mchana ule Ionie akamkalisha jikoni. Mikono yake ilikuwa ikifinyanga madonge ya unga wa mahindi, na mdomo wake ukitaja majina: Sonnel mwana wa Cosnel, Cosnel mwana wa Mama Delphine aliyejenga nyumba hii baada ya ile ya kwanza kupeperushwa na upepo, Delphine binti wa Kwashi, na Kwashi alikuwa Mkromanti, wa taifa lililoletwa kutoka Afrika ya Magharibi, aliyezaliwa utumwani akafa mtu huru. Renwick hakuandika wala hakutoa simu. Alirudia tu, akakosea, akarudia. Ionie akamtazama kwa chati. Hakuwa ametegemea masikio kama yale kutoka kwa mtu wa Brooklyn.

"Alipenda kwao?" Renwick akauliza.

Shangazi akapiga donge kofi. "Aliondoka kijana. Mama yetu alipokufa tulimngoja, hakuja. Tukazika. Muulize yeye kama alipenda kwao."

Renwick akarudia majina tangu mwanzo.

Kesho yake ua ulijaa. Mbuzi walikuwa wamepikwa na mbaazi, na harufu ya ramu ilitangulia watu kuingia. Jiwe likatolewa nje. Ionie akalimwagia maji, Fitzmore akalimwagia ramu, mwingine akanyunyiza mchele, mwingine akalivunjia mayai. Kisha wote wakamtazama Renwick.

Alianza kwa sauti ndogo. "Huyu ni Osbert Cudjoe. Kwao ni Sonnel."

"Hatusikii!" akapayuka bibi mmoja.

"Sonnel! Mwana wa Cosnel! Cosnel mwana wa Mama Delphine, Delphine binti wa…" Akakwama. Ionie alishikwa na hamu ya kumnong'oneza, akajizuia. "Binti wa Kwashi! Mkromanti!"

"Mkromanti!" ua wote ukaitika.

Angeweza kuishia hapo, na watu wangeridhika. Lakini akameza mate, akaendelea, "Nyumbani kwetu, kila Jumamosi, baba alisonga unga wa mahindi, akaufinyanga madonge. Alipakua sahani moja akaiweka dirishani, na sisi watoto tukakatazwa kuigusa. Nilidhani ni ya jirani. Nimeijua sahani ile juma hili."

Mayai yalikuwa yakichuruzika juu ya jiwe. Ionie alijishika kifua. Miaka yote ile alikuwa amejiambia kwamba kaka yake alipopanda meli alitupa kila kitu baharini. Kumbe alikuwa akiwalisha wazee katika nchi ya theluji, peke yake, bila ngoma wala mtu wa kumwitikia.

Fitzmore hakungoja. Akapiga, na wenzake wawili wakamfuata, na wimbo wa kuwaomba wazee radhi ukapanda. Renwick akapiga magoti ndani ya duara, kwa niaba ya baba yake, kama alivyofundishwa. Ionie hakuwa amepanga kupiga magoti. Magoti yake yalikuwa mabovu, tena mwenye haki ya kuombwa radhi alikuwa yeye. Akaenda akapiga magoti kando ya kijana. Mkono wake ukaushika wa Renwick, na machozi yakamwagika bila kufutwa.

"Shangazi, umeumia?"

"Nyamaza, mwanangu. Tunaomba."

Wimbo ulipokwisha ngoma zikabadili mdundo, zikawaita Wakromanti wacheze. Renwick akasukumwa katikati. Alicheza vibaya sana, miguu ikienda huku na ngoma ikienda kule, na mabibi wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Huyo anaua mende!"

"Mwacheni, damu itamwonyesha!"

"Damu haionyeshi kitu, mtu ndiye huonyesha," akasema Ionie. Akavua viatu, akakamata pindo za sketi yake kwa mikono miwili, akaingia duarani. "Nitazame miguu, acha kutazama watu. Polepole. Kisigino kwanza."

Renwick akatazama, akaweka kisigino chini. Mara ya kwanza hakupatia. Mara ya pili Fitzmore mwenyewe alipaza sauti kutoka kwenye ngoma, "Ehee!" na duara likaanza kupiga makofi.