Maganda ya Edna

Laurean aligeuza ganda la risasi chini ya taa, akaikagua shingo kwanza, maana nyufa huanzia hapo. Haikuwa na ufa. Akaliweka kando, akashika jingine.

Maganda yote yalienea katika kopo moja la kahawa. Edna, mkewe, ndiye aliyekuwa akiyafyatua uwanjani na kuyaokota, kisha akiyaosha na kuyajaza baruti upya humu humu, katika chumba cha chini cha nyumba yao mjini Greenbelt. Tangu afariki, Laurean aliendelea kuyajaza hayo hayo, na boksi la mapya likakaa bila kufunguliwa. Alijua shaba huchoka: kila mlipuko huivuta, na ikivutwa hukonda. Alijua pia kwamba maganda ya fungu moja huchoka pamoja. Likikonda moja, hutupwa yote.

Ombeni, mdogo wake Edna, alikuwa amekuja kutoka mji wa Columbia ili kesho yake waende kulenga shabaha.

"Shem, unayachungulia kama anayechagua mchumba," alisema. "Dada angekuwa ameshamaliza, anakunywa chai."

"Dada yako alikuwa na macho."

"Na mimi?"

"Wewe una mdomo."

Ombeni akacheka, akaokota ganda moja. Juu kidogo ya kitako lilizungukwa na mstari unaong'aa. "Hili lina pete."

"Pete ya nje si ushahidi. Lete."

Laurean akaingiza waya mwembamba uliopindwa ncha, akaufikisha chini kabisa, kisha akauburuta kuja juu, taratibu, ukigusa ukuta wa ndani. Hakuwa mtu wa kuomba chuma kitu, lakini safari hii aliutaka uteleze.

Ncha ikanasa.

Akajaribu upande wa pili. Ikanasa tena. Ukuta ulikuwa umeliwa mfereji kwa ndani, na hapo ndipo ganda lingekatika likifyatuliwa, moto urudi nyuma.

Ombeni alikuwa akitazama simu. Ingetosha kumwambia ni uchafu. Lakini shavu ambalo kesho lingelala juu ya bunduki lilikuwa la Ombeni.

"Limekonda kwa ndani," Laurean alisema.

"Basi litupe."

"Ni yote."

Ombeni akaweka simu chini. "Yote? Shem, hayo ndiyo..."

"Najua ni nini."

"Tubakize moja. La kuweka tu."

"Likibaki zima, siku moja nitalijaza. Najijua."

Akachukua koleo, akabana mdomo wa ganda lile mpaka ukafumbika. Akashika la pili. Lilikuwa na joto. Alijua ni joto la kiganja chake mwenyewe. Shaba haitunzi joto la mtu aliyeondoka. Hata hivyo alikawia nalo, kidole kikipita juu ya shingo aliyoisugua Edna.

"Nipe koleo, shem. Nikusaidie."

"Hapana."

Ombeni akavuta kiti, akalikumbatia kopo mapajani. "Basi nitakupa moja moja," akasema, na akanyoosha mkono wenye ganda la tatu.