Matairi Mawili Mapya

Fundi alikuwa chini ya gari tangu asubuhi, mgongo umekufa ganzi. Gari lilikuwa la dada yake, mkunga wa zahanati ya mlimani. Jana lilikwama kwenye tope akimkimbiza mama mwenye uchungu hospitali. Magurudumu ya mbele yalizunguka bure, ya nyuma yakatulia tuli, na mtoto akazaliwa humo humo garini.

"Uliniambia linavuta kwa magurudumu yote manne," alisema dada mtu, tope limemkaukia hadi magotini.

"Linavuta, dada. Kwa kawaida injini inazungusha ya mbele. Yakianza kuteleza, kuna klachi huku nyuma inabana, nguvu inagawanywa mpaka nyuma."

"Mbona haikubana?"

Fundi alizungusha utepe wa kupimia kwenye tairi la mbele lililoinuliwa, kisha la nyuma. Akapima tena, kama anayeomba jibu jingine. Matairi ya nyuma yalikuwa yamelika. Mzunguko wake ulipungua karibu vidole viwili. Ya mbele yalikuwa mapya. Aliyafunga mwenyewe mwezi uliopita, harakaharaka, akijiambia ya nyuma yatasubiri.

Akakaa sakafuni.

"Dada, kosa ni langu. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Klachi ikawa inasuguana safari nzima, hata kwenye lami kavu. Mlipofika kwenye tope ilikuwa imeshapata moto, ikajiachia isiungue. Nyuma hakikufika kitu."

Alingoja afokewe. Angefokewa angepata nafuu.

"Yule mama aliniuliza tutafika lini," dada alisema polepole. "Nikamwambia sasa hivi. Nilimwambia hivyo mara nne."

"Na mtoto?"

"Mzima. Alivyopiga kelele, ungedhani yeye ndiye aliyesukuma gari."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Fundi akafungua mafuta ya klachi. Yalitoka meusi, yananuka kuungua. Alikuwa bado anayatazama, simu ya dada ikalia. Dada akasikiliza, akafumba macho, akajibu, "Nakuja."

"Uchungu?"

"Mapacha."

Fundi hakunawa hata mikono. Alitoa pikapu yake, akatupa spana nyuma, akamfungulia dada mlango. Kabla hawajatoka getini, dada alikuwa ameshalala, kichwa kwenye kioo. Fundi akaendesha taratibu, akikwepa kila shimo.