Mdomo Uliofungwa Mpakani

Wazazi wageni huniita Mama Foleni, maana kazi yangu ni kusimama nao ofisi kwa ofisi mpaka watoto wao waandikishwe shule. Silipwi, na subira sina. Hata ile kidogo niliyoamka nayo siku hiyo iliisha mbele ya binti wa miaka kumi aliyekaa ofisini kwa mwalimu mkuu, kitabu mapajani, kimya kabisa.

"Soma mstari mmoja tu," mwalimu mkuu alimbembeleza tena.

Binti akaendelea kutazama viatu vyake.

"Mama, sina ubaya naye," mwalimu akaniambia. "Lakini leo ndiyo mwisho wa kuandikisha, na mtoto asiyesema sina wa kumfundisha. Acha nimwandikie barua aende bweni la watoto viziwi."

Bweni lenyewe liko mji mwingine. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, kandambili mkononi kwa kuogopa kuchafua sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nikamvuta nje.

"Bibi, mjukuu wako ni bubu?"

"Bubu! Nyumbani majirani wanamwomba apumzike. Anasoma mpaka maandishi ya mfuko wa sukari."

"Sasa leo kapatwa na nini?"

Akashusha sauti. Walipofika mpakani, lafudhi yao ingewaponza. Mama wa mtoto akamwonya binti yake asifungue mdomo mbele ya mtu yeyote wa ofisi mpaka yeye mwenyewe atakapomruhusu. Kisha akawavusha, akarudi kumtafuta mumewe.

"Si umwambie imetosha!" nikafoka.

"Nimemwambia mpaka nimechoka, mwanangu. Anasema aliyemkataza ni mama yake, na ndiye atakayemruhusu."

"Na mama yake yuko wapi?"

Bibi alianza kuvaa kandambili, akakosea miguu, akazivua tena. Hapo nikaelewa, na ukali wote ukanitoka.

"Anajua?"

"Hajui. Kila tukipakua chakula anamtengea mama yake sahani."

Nilitaka kumwambia turudi nyumbani, shule itajijua yenyewe. Mwalimu mkuu akachungulia, kalamu mkononi. "Niandike barua?"

Bibi akanipita, akaingia, akachuchumaa mbele ya mjukuu wake na kumshika magoti.

"Mama yako harudi, mjukuu wangu. Alikufa kulekule. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nakuruhusu. Sema."

Nilitamani kumziba mdomo yule bibi. Mwalimu mkuu aliiweka kalamu chini.

Binti hakulia. Alimtazama bibi yake, akainama juu ya kitabu, akaanza kusoma. Akamaliza mstari, akamaliza ukurasa, akafungua mwingine.

"Inatosha, binti yangu," mwalimu akasema. "Umepita. Umeshapita."

Hakuacha. Alisoma huku sauti ikizidi kupanda, machozi yakidondokea kurasa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumnyang'anya kile kitabu.