Kisanduku cha Musonoi

Amisa aliporudi katika ofisi ya Tata Ibrahim baada ya miaka miwili, mlinzi wa getini alimpa daftari la wageni ajiandikishe. Aliandika jina lake polepole, na pale palipoulizwa sababu ya kuja akaandika neno moja tu: kazi.

Zamani hakuwa mgeni hapo. Kwa miaka sita ndiye aliyetunza kompyuta zote za kampuni ile ya malori, tangu ilipokuwa bado mtaa wa Manika, karibu na soko. Shule ya kompyuta hakuiona. Alijifunza kwa kufungua mashine mbovu za mjomba wake, moja baada ya nyingine, akiandika kila skrubu ilikotoka ili ajue pa kuirudisha. Kisha mtu fulani akamshauri Tata Ibrahim, mwenye kampuni, kwamba kampuni ya malori ishughulike na malori, na mambo ya mashine wapewe wataalamu wa nje. Mkataba ukasainiwa na kampuni kubwa ya mji wa mbali, na Amisa akaagwa kwa soda na keki. Hakununa. Alikodi chumba kidogo Manika pamoja na fundi mwenzake Kalumba, wakawa wanatengeneza mashine za duka la dawa, za parokia na za shule mbili.

Lakini kazi za shule huja mara moja kwa mwaka, na parokia haina haraka. Kalumba alikuwa ameitwa kazini Zambia, naye alikuwa amesema wazi: mwezi ukiisha bila kazi ya kueleweka, atakwenda. Bila Kalumba, kile chumba kingefungwa. Ndiyo maana, Tata Ibrahim alipompigia simu, Amisa alipanda pikipiki asubuhi ileile.

Tata Ibrahim alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Baba yake alikuja kutoka Kasongo na mizigo ya vitambaa. Yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, akakulia Musonoi, na miezi minane iliyopita alikuwa ameirudisha kampuni Musonoi, jirani kabisa na shimo la mgodi.

"Amisa, mutoto yangu, ikala," alisema akimwonyesha kiti. "Tangu tulihamia hapa, rezo ya kompyuta inakatika katikati ya muchana. Mara tatu kwa juma, karibu saa muzima. Karatasi ya kamio, malori yangu, inakwama. Kule Kasumbalesa, ku mupaka, banaondosha kamio yangu mu mustari, inarudia nyuma, shofere analala chini yake siku mbili. Bale ba mbali banabadilisha mashini mara tatu. Banasema ni laini. Benye laini banasema ni umeme. Benye umeme banasema ni bale ba mbali. Na sasa bale banaomba kontra, mukataba mupya, ya miaka tatu."

Tshibangu, mhasibu, aliyekuwa akizungumza na wataalamu hao kwa simu kila juma, alikohoa. "Tata, dada Amisa anajua kutengeneza radio. Hii ni mambo ya rezo."

"Radio pia inatafuta rezo yake, papa Tshibangu," Amisa alisema kwa sauti ndogo. "Na haijapiga simu kuomba kontra ya miaka tatu."

Tata Ibrahim alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nakupatia majuma mbili. Ukipata ugonjwa, kontra ya miaka tatu ni yako. Ukikosa, natia sahihi na bale. Na kama ni mutu wa humu mu biro, mu ofisi yangu, njo anaharibu, nataka jina yake. Siku ile ile anaenda kwake."

Juma la kwanza Amisa hakugusa kitu. Alizunguka na daftari. Mtandao wote wa ofisi ulipitia kisanduku cheupe kama tofali, chenye taa nne za kijani, kilichokaa kwenye rafu ya ukumbini pamoja na birika na glasi za chai. Wataalamu wa mbali walikuwa wamekiweka pale siku waliyokuja. Alimuuliza kila mmoja ofisini, kwa zamu yake, kama kuna mtu anayekigusa. Wote walisema hapana, na alipowatazama machoni hakuona uongo.

Aliandika saa mtandao ulipokatika, hali ya umeme, na sauti zilizosikika. Jumatatu, saa saba: jenereta ya jirani, king'ora cha mgodi. Jumanne haukukatika. Jumatano, saa sita na dakika arobaini: king'ora tena, jenereta haikuwaka. Ijumaa, saa saba na nusu: king'ora. Mara zote tatu yeye mwenyewe alikuwa nje, juu ya paa au chini ya mlingoti, akikagua waya na Kalumba.

"Ni baruti ya mgodi," Kalumba alisema. "Nchi inatikisika, plagi inalegea."

"Labda," Amisa alisema, akaandika *mtikisiko*, na pembeni yake alama ya kuuliza.

Jumatatu ya pili hakupanda paa. Aliweka kigoda ukumbini, akaketi akikitazama kisanduku uso kwa uso ili aone kinavyotikisika.

King'ora kikalia. Mara madirisha yakaanza kufunguliwa jengo zima, pa, pa, pa, kwa sababu upepo wa baruti ukikuta dirisha limefungwa hupasua kioo. Kisha akaja Mama Kabemba, aliyefagia ofisi na kupika chai, aproni kiunoni. Alishusha glasi, mbili mbili, akaziweka sakafuni. Akashusha birika. Akatoa saa ukutani.

"Pisha kidogo, mama," alimwambia Amisa. Akachomoa waya wa kisanduku, akakishika kwa mikono miwili, akakilaza juu ya kitambaa kilichokunjwa, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Ardhi ikaguna. Vumbi likapita ukumbini. Mama Kabemba alingoja litulie, akapangusa kila kitu kwa kitambaa chenye maji, kisha akarudisha vyote mahali pake, na kisanduku mwisho. Taa zikawaka moja, mbili, tatu, nne.

Amisa alikuwa hajapepesa macho. "Mama Kabemba, unafanyaka vile kila siku?"

"Siku ya baruti tu. Mu Musonoi, ukiacha kitu juu, unaokota bipande. Mi nilivunjaka sahani yote ya ndoa yangu, ile mwaka ya kwanza. Kuanzia pale, sirene ikilia, mikono inajiendea yenyewe."

"Na siku ile nilikuuliza kama kuna mutu anagusa?"

Mama Kabemba alishangaa kweli. "Kugusa ni batoto banagusa. Mi nachunga."

Kisha akaona uso wa Amisa, akashika mdomo. "Weee! Ile njo inakatisha? Ni mi?" Akaketi sakafuni kati ya ndoo na fagio. "Tata atanifukuza. Niko na bajukuu bane mu nyumba."

"Hakuna jina litatoka kwangu," Amisa alisema, akafunga daftari.

Kalumba aliposikia, alipiga kofi juu ya meza ya karakana yao. "Basi imeisha! Taja jina, chukua kontra. Ulitumwa kutafuta nini?"

"Nilitumwa kutafuta ugonjwa. Jina si ugonjwa. Tukimuondoa Mama Kabemba, atakuja mwingine wa Musonoi, na sirene ikilia atafanya vilevile."

"Na Tata akitaka jina?"

Amisa aliinamia daftari lake. Alikuwa akifikiria rafu, na urefu wa waya, na mtu aliyezaliwa Musonoi.

Jumanne alikwenda kwa Tata Ibrahim akamwomba mambo mawili tu. La kwanza, mkutano wa kuamua mkataba ufanyike kesho yake, Jumatano, kuanzia saa sita mchana, na wataalamu wa mbali waalikwe kwa kompyuta. La pili, kisanduku kihamishwe kwa siku moja kwenye chumba cha Tata. Alikipanga mwenyewe kwenye rafu iliyo juu ya kiti cha Tata, kati ya picha ya marehemu baba yake na chupa ya chai. Waya aliuacha ule ule, mfupi ule ule. Na Mama Kabemba akatumwa Manika kununua sabuni.

Jumatano walikaa watatu: Tata Ibrahim, Tshibangu na Amisa. Kwenye kompyuta alionekana mtaalamu wa mbali, mtu wa adabu, tai imefungwa vizuri. Alieleza kwa Kifaransa safi mashine mpya waliyoipeleka, akaonyesha michoro. Tshibangu aliitikia kwa kichwa kila mchoro. Amisa alisikiliza yote. Mengine yalikuwa mazuri, aliyaandika.

Saa saba kasoro kidogo, king'ora kikalia.

Tata Ibrahim aliinuka, macho bado kwenye kompyuta, sikio bado kwa mtaalamu. Alifungua dirisha. Tshibangu akashusha glasi tatu za chai chini ya meza, akaikumbatia mashine ya kuchapa karatasi isije ikaanguka. Tata akatoa picha ya baba yake, akaiweka kwapani. Akashusha chupa ya chai. Akanyoosha mkono tena.

"Tunawahakikishia," mtaalamu alikuwa akisema, "kwamba kuanzia sasa mtandao wenu hauwezi tena..."

Akabaki mdomo wazi, hatikisiki, kama picha ya kitambulisho.

Ardhi ikaguna. Kalamu zikaviringika mezani.

"Imekatika tena!" Tata Ibrahim alinguruma. "Munaona? Mbele ya macho yangu! Ni nani huyu ananifanya vile? Amisa, nilikuambia nataka jina!"

Tshibangu, mikono bado imeizunguka mashine yake, alikuwa akitazama kitu fulani kifuani kwa Tata Ibrahim, na mdomo wake ulikuwa ukifunguka polepole. Tata akafuata macho yake. Akajitazama. Alikuwa amekikumbatia kisanduku cheupe, taa zote nne zimezimika, na waya wake ukining'inia kama mkia wa mbuzi.

"Tata," Amisa alisema kwa upole, "bado unataka jina?"

Cheko la Tata Ibrahim likaanzia tumboni, likapanda, likatoka hata kofia yake iliyofumwa ikaanguka. Alicheka mpaka akalazimika kuketi, picha ya baba yake bado kwapani.

"Andika!" alisema akifuta machozi. "Andika mu kaye, daftari yako ile: Ibrahim wa Musonoi! Mama yangu alinipigaka sababu ya chungu moja tu iliachwa juu. Sirene inalia, mi najua nini tena? Nashusha!"

"Miezi nane," Tshibangu alinong'ona. "Na mi nilibaambia bale kwa simu, hakuna mutu anagusa."

"Na ulisema kweli, papa Tshibangu. Hapa kila mtu anachunga tu. Nao kila mara walikuja kufunga mashine siku ya Mungu, Jumapili, na siku ya Mungu mgodi haupigi baruti. Wangejuaje?"

Tata Ibrahim aliacha kucheka, akamgeukia Amisa. "Na huko ukumbini, ni nani alikuwa anakishusha?"

"Mutu wa Musonoi, Tata. Sawa na weye."

Akaelewa, akaokota kofia, akaivaa. Hakuuliza tena.

Mchana ule ule Kalumba alifika na sanduku la vifaa. Mchomeaji wa malori aliwatengenezea mikono miwili ya chuma, wakaifunga kwenye ukuta wa ukumbini, mbali na glasi. Chini ya kisanduku walilaza mpira wa tairi kuukuu ili mtikisiko ufie humo. Wakaweka waya mrefu na betri ya akiba, na Mama Kabemba, aliyerudi na sabuni yake, akashona kwa mkono mfuko wa kitambaa chepesi wa kuzuia vumbi, kwa sababu vumbi la pale alilijua kuliko wote.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, king'ora kililia Tata Ibrahim akiwa msikitini. Ofisi nzima ilijazana ukumbini. Madirisha yalifunguliwa. Mama Kabemba alishusha glasi, birika, saa. Alipofika kwenye kisanduku, mikono yake iliinuka yenyewe. Aliiona, akaifunga nyuma ya mgongo na kuishikilia huko kwa nguvu. Ardhi ikaguna, rafu ikatetemeka, vumbi likaingia.

"Hesabu, mama," Amisa alisema.

"Moja," alisema Mama Kabemba. "Mbili. Tatu." Akasogea karibu. "Nne! Ziko nne!"

Karatasi za malori sita zilikuwa zimetumwa mpakani wakati ardhi bado inatetemeka. Tata Ibrahim aliporudi na kanzu yake nyeupe, hata hakusalimu.

"Ilikatika?"

"Hapana!" ofisi nzima ilipiga kelele, na sauti ya Tshibangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Simu yake ililia saa ileile. Alikuwa Moussa, dereva, kutoka Kasumbalesa. Tshibangu akaifungulia sauti ili wote wasikie.

"Papa Tshibangu, leo munakula nini kule? Mi sijashuka mu kamio, banasema karatasi yangu ilishafika! Napita mbele ya bale benye walinicheka!"

Mkataba ulisainiwa kabla jua halijateremka. Kalumba alipiga simu Zambia kusema haji. Amisa alisoma kila ukurasa mara mbili, kama alivyozoea, kisha akaomba kalamu akaongeza mistari miwili kwa mkono: siku za baruti, mtu wa karakana yake atakuwa Musonoi mwenyewe, si kwa simu, na mtu wa kwanza kuulizwa hali ya kisanduku atakuwa Mama Kabemba, baada ya kufundishwa maana ya kila taa.

Tata Ibrahim alisoma mistari ile, akatia sahihi chini yake kwa herufi kubwa.

Jumatatu Amisa alifika getini. Mlinzi hakumpa daftari la wageni. Ndani, Mama Kabemba alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, kitambaa chenye maji mkononi, akimweleza Tshibangu kwa nini taa ya pili hupepesa na nyingine hazipepesi, na Tshibangu alikuwa akiandika.